Ua la Bustani Lililofunga Ziwa

Awendo haina ufuo. Mji umekaa kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, umezungukwa na miwa, na anayetaka kuliona Ziwa Victoria lazima apande gari kuelekea Homa Bay au ateremke upande wa Nyatike. Ndiyo maana habari za gugu maji huku kwetu huchukuliwa kuwa habari za wavuvi, jambo la Homa Bay, Kendu Bay na Kisumu. Mtazamo huo unaficha nusu ya historia. Mmea huu ulianza safari zake bustanini, ukabebwa na watu walioupenda kwa uzuri wake, na ulipolifikia ziwa letu ulikuta limekwisha kutiliwa mbolea kutoka mashambani, yakiwemo mashamba ya huku juu.

Kutoka Amazoni, 1817–1910

Asili yake ni bonde la mto Amazoni, Amerika Kusini. Mjerumani Carl von Martius, mtaalamu wa mimea aliyezunguka Brazil kati ya 1817 na 1820, ndiye aliyeuingiza katika vitabu vya sayansi miaka michache baada ya kurudi kwao. Kule Amazoni haukuwa balaa. Mafuriko huja na kupungua kila mwaka, mimea mingi hubaki juu ya ardhi kavu ikafa, na wako wadudu wanaoutafuna tangu enzi na enzi.

Ukiushika mkononi unaelewa kwa nini watunza bustani waliupenda. Majani ni ya mviringo, mazito, ya kijani kinachong'aa. Kikonyo cha jani kimevimba katikati, na ukikipasua kwa kisu unakuta sponji nyeupe iliyojaa hewa. Hiyo ndiyo inayouelesha mmea mzima juu ya maji. Chini yake mizizi myeusi yenye manyoya inaning'inia bila kugusa udongo. Juu hutoka kishada cha maua ya zambarau hafifu, na petali moja kati ya sita ina doa la njano lililozungukwa na buluu. Wazungu walikifananisha kishada hicho na hayasinthi ya bustani zao, ile wanayoizika ardhini kama kitunguu kabla ya baridi ili ichanue majira ya kuchipua. Hayasinthi hiyo huhitaji majuma mengi ya baridi kali ndipo itoe ua. Gugu maji huhitaji joto na maji tu, na halimtaki mtu alipande mara ya pili.

Katika karne ya 19 likawa pambo la vidimbwi vya bustani za mimea na makasri, kutoka Ulaya hadi Asia. Inasimuliwa sana kwamba katika maonyesho makubwa ya pamba huko New Orleans, Marekani, yaliyofunguliwa 1884, wageni walipewa miche ya ua hilo kama zawadi, wakaenda nayo kwenye vidimbwi vyao. Lilipowazidi, walilitupa mtoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 mito ya Florida na Louisiana ilikuwa imezibwa kiasi cha meli kushindwa kupita, na serikali ikaanza kutumia jeshi la wahandisi na hata sumu ya arseniki.

Mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka mswada katika Bunge la Marekani akitaka viboko waagizwe kutoka Afrika, wale gugu hilo na wao wenyewe waliwe, kwa sababu nyama ilikuwa imepanda bei. Mswada haukupita. Viboko wapo Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, tangu kale, na gugu lilipokuja kuwafikia halikupungua kwa ajili yao. Historia hiyo ya Louisiana ina funzo ambalo watu wa ziwa letu walilipia tena miaka 80 baadaye: mmea ukishatoka kidimbwini ukaingia kwenye maji yanayotembea, hakuna aliyewahi kuurudisha.

Mto kwa mto, 1879–1958

Afrika ililipokea kwa njia ileile ya bustani. Misri ilikuwa nalo kabla ya karne ya 19 kuisha, na Afrika Kusini lilionekana katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Huko Bengal, Asia, lilikuwa limeharibu mashamba ya mpunga na njia za mashua hata sheria mahususi ikatungwa mwaka 1936. Taarifa hizo zilijulikana katika ofisi za kikoloni, lakini vidimbwi vya mapambo viliendelea kuchimbwa na miche kupeanwa.

Miaka ya 1950 ndipo lilipoachana kabisa na bustani katika kanda yetu. Mto Kongo ulivamiwa mwanzoni mwa mwongo huo. Tanganyika ililiona kwenye mito ya Pangani na Sigi katika mwongo huohuo. Kisha Nile Nyeupe, Sudani, ikafuata mwishoni mwa mwongo. Ziwa Victoria likawa limezungukwa pande zote, lakini lenyewe likabaki safi kwa miaka 30 zaidi.

Ziwa lililokwisha kulishwa, 1901–1988

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu simulizi nyingi za gugu maji huruka kutoka Amazoni hadi 1990 kana kwamba ziwa lilikuwa linangoja tu. Gugu hili halistawi sana katika maji yasiyo na rutuba. Hula naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka majini. Lingelifika mwaka 1920, huenda lingebaki vichaka vichache mwambaoni.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Baada yake yakaja mashamba makubwa na miji. Bonde la Nyando likawa nchi ya miwa: Miwani kwanza, kisha Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960. Misitu ya nyanda za juu ilikatwa kwa ajili ya chai, mahindi na kuni. Kusini kwetu, Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ambayo kila mtu huiita Sony, iliundwa 1976 na kiwanda chake cha Awendo kikaanza kazi mwishoni mwa 1979. Mashamba ya mtama, wimbi na malisho yakageuzwa kuwa miwa. Sukari ilileta shule, barabara za kokoto, mishahara na mji wenyewe wa Awendo tunaoujua. Pamoja nayo ilikuja mbolea ya gunia: DAP wakati wa kupanda, kisha urea au CAN miwa inapoinuka.

Mvua kubwa ikinyesha kabla mizizi haijaifyonza, mbolea hiyo huondoka na udongo. Mto Sare unaopita hapa Awendo huyachukua maji hayo na kuyapeleka kwenye Kuja, mto unaoanzia milima ya Kiabonyoru huko Nyamira, ukashuka Kisii, ukapita nchi yetu na kuingia ziwani upande wa Nyatike. Nisieleweke vibaya. Kuja haumwagi ndani ya Ghuba ya Winam, ambako gugu limetesa watu zaidi. Ghuba hupokea Nyando, Sondu-Miriu, Kibos na, upande wa Homa Bay, Awach Kibuon na Awach Tende. Sehemu kubwa ya fosforasi nayo hushuka kutoka hewani, katika vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, na moshi haujui bonde la mto gani ni la nani. Ziwa ni moja, na kila bonde linalolizunguka liliongeza chake.

Mambo mengine mawili yaliongezeka ndani ya ziwa lenyewe. Mbuta alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza wengi wa fulu, wale samaki wadogo ambao baadhi yao walikuwa wakila mwani na taka za majini. Mwani ukazidi, hewa ya oksijeni ikapungua vilindini. Kisha mwaka 1983 lilijengwa tuta la mawe kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Watu wa Rusinga walipata njia ya gari, jambo walilolihitaji mno. Lakini mlango mmoja wa maji kati ya ghuba na ziwa kuu ukafungwa, na wavuvi wa Mbita hawakuchoka kusema kwamba maji ya ndani yamelala. Ilichukua miaka zaidi ya 30 tuta hilo kubadilishwa kwa daraja, mwaka 2017, maji yakapita tena.

Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1980

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba njia kuu ya gugu kuingia ilikuwa mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi na kuyaleta ziwani karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Inaaminika kwamba huko Rwanda lilikuwa limehifadhiwa kama ua la vidimbwi tangu enzi ya Wabelgiji. Mafungu yalikatika, yakateremka na mkondo wiki baada ya wiki. Mwaka 1988 lilikuwa limeonekana Ziwa Kyoga na pia Ziwa Naivasha. Muda mfupi baadaye likawa mwambao wa Uganda wa Ziwa Victoria, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wa upande wa Kenya walikuwa wakilisukuma kwa kasia.

Katika hali nzuri mmea mmoja huzaa miche pembeni kwa vitawi vyake, na eneo lililofunikwa huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja hadi mbili. Mbegu zake huzama kwenye tope na kuishi miaka 20 na zaidi. Ziwa lenye rutuba, joto mwaka mzima na bila adui hata mmoja wa mmea huo lilikuwa makao bora kuliko Amazoni yenyewe.

Ghuba yafungwa, 1992–1998

Uganda iliumia kwanza. Katikati ya miaka ya 1990 sehemu kubwa ya mwambao wake ilikuwa imezingirwa, na bwawa la Owen Falls huko Jinja likawa linapambana na mimea kwenye milango ya mitambo ya umeme. Upande wetu, upepo ndio ulioamua. Mchana hewa huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hurudi. Mkeka wa gugu huondoka nao. Mvuvi wa Homa Bay aliweza kutoka alfajiri maji yakiwa wazi na kurudi saa nane mchana akakuta gati na ufuo mzima vimefunikwa. Wako waliolala kwenye mashua zao katikati ya kijani hicho, wakingoja upepo ugeuke.

Novemba 1998 picha za setilaiti zilionyesha kwamba gugu lilifunika takriban hekta 17,000 upande wa Ghuba ya Winam. Mtu mzima hawezi kupiga kasia ndani yake. Majani hufika kiunoni na mizizi hunasa kila kitu. Nyavu zilikatika. Meli zilishindwa kutia nanga. Bei ya omena sokoni ilipanda, na akina mama wanaonunua ufuoni na kuuza Rongo, Awendo na Kisii walikuwa wakirudi na ndoo tupu. Maji ya chini ya mkeka hukosa mwanga na hewa, yakanuka, na konokono wanaobeba kichocho wakapata kivuli cha kuzalia. Mwaka 1997 na 1998 kipindupindu kilienea Nyanza, na watafiti walikuta kwamba kunywa maji ya ziwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu hatarini. Wakati huohuo, kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake mara kadhaa kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu za kiafya.

Si kila samaki aliyetoweka. Kamongo na mumi, wanaostahimili maji yenye hewa kidogo, waliongezeka chini ya magugu, na wavuvi wa ndoano waliojua hivyo walipata riziki yao wakati wenye nyavu wakikaa bure. Kwa familia nyingi za Homa Bay huo ndio uliokuwa mlo wa miaka hiyo.

Fukusi wa Kibos, 1997–2000

Serikali tatu za ziwa zilikuwa zimetia saini mwaka 1994 mradi wa pamoja wa kusimamia mazingira ya ziwa, ukifadhiliwa na Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira Duniani. Mjadala wa njia ya kulipiga gugu ulikuwa mkali. Wapo waliotaka dawa ya kunyunyizia. Wengi wa pwani ya ziwa walikataa, kwa hofu ya maji wanayokunywa na samaki wanaowauza nje.

Jibu lililotoa matumaini lilikuwa mdudu wa milimita tano. Fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wanatoka Amerika Kusini na walikuwa wametumika Marekani tangu miaka ya 1970. Uganda iliwaachilia mwishoni mwa 1995. Kenya ilifuata Januari 1997, baada ya kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, huko Kibos karibu na Kisumu kuwazalisha kwenye matangi. Wanajamii wa fukwe walifundishwa kuwafuga, na makumi ya maelfu wakasambazwa.

Kazi ya fukusi huonekana ukiinama. Mkubwa hukwangua ngozi ya jani usiku, akiacha vidoa vidogo vya mraba vya rangi ya kahawia, vingi hadi jani linakauka kutoka kingoni. Jike hutaga mayai ndani ya kikonyo. Buu hutoboa njia kwenye ile sponji na kushuka hadi kwenye shina. Hewa hutoka, maji huingia, kuvu hufuata, na mmea huanza kulala upande na kuzama. Haifanyiki kwa siku moja. Inachukua miaka miwili au mitatu, na wakati huo watu wanalala njaa na kuuliza mdudu yuko wapi.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imekwisha. Nani alishinda? Wanasayansi wamebishana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, mawimbi yakavunja mikeka, na mawingu ya miezi mingi yakapunguza mwanga. Wengine wanaonyesha kwamba gugu lilikuwa likidhoofika mahali ambapo fukusi walikuwa wengi. Mimi naona hoja ya wote wawili inasimama: mmea uliotobolewa na fukusi ndio uliovunjika kirahisi mbele ya wimbi. Mvua peke yake iliwahi pia kunyesha mahali pengine duniani bila kuliondoa.

Kati ya 1999 na 2000 mashine kutoka Marekani ilizunguka Ghuba ya Winam ikikatakata gugu na kuyaacha mabaki majini. Oktoba 1999 shirika la kiraia la RECONCILE lilipeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, likiwasilisha hofu ya wakazi kwamba mabaki hayo yanaoza na kuharibu maji. Hoja yao ilikuwa na uzito. Kila kilo ya gugu iliyozama ilirudisha ziwani rutuba ileile iliyokuwa imelilisha.

Lilivyorudi, 2006 na kuendelea

Watu walidhani vita vimekwisha. Matangi ya fukusi yalipungua, fedha za mradi zikaelekezwa kwingine. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zikateremsha tope jekundu kutoka milimani, na mwaka 2007 ghuba ilikuwa ya kijani tena. Mbegu zilikuwa zikingoja kwenye tope. Fukusi nao walikuwa wamezama na mimea waliyoishi juu yake, kwa hiyo gugu lilianza upya likiwa na mwaka au zaidi wa kujitanua kabla adui wake hajaongezeka. Tangu hapo limekuwa likija na kupungua kwa mtindo huo: mvua, tope, kijani, kisha kudhoofika. Mahali lilipokaa muda mrefu, nyasi za kiboko huota juu ya mkeka na kuugeuza kisiwa kinachoelea. Mei 2020 ziwa lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa hadi wakati huo, na mwezi mmoja kabla yake kisiwa cha aina hiyo kilikuwa kimeziba mitambo ya Jinja na kuitia Uganda nzima gizani.

Wajasiri wamejaribu kulitumia. Mafundi wa Kisumu husuka viti na vikapu kwa vikonyo vilivyokaushwa. Wengine huzalisha gesi ya kupikia na mbolea. Naivasha, mhandisi kijana kutoka Chuo Kikuu cha Egerton, Joseph Nguthiru, ameanzisha HyaPak, inayotengeneza vifungashio vinavyooza. Nawaheshimu wote. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji. Mashua iliyojaa hutoa kapu la malighafi, na ghuba hujaa tena kabla kapu halijasukwa.

Tangu ugatuzi wa 2013, kila kaunti ya ziwa imekuwa ikishughulikia ufuo wake. Homa Bay hutoa magugu gatini na kwenye fukwe, Kisumu hufanya vivyo hivyo, na upepo wa alasiri huyarudisha. Huku Awendo, miwa imepandwa hadi ukingo wa Sare, ingawa kanuni za maji za nchi hutaka pawe na ukanda usiolimwa wa angalau mita sita kila upande. Mkulima aliyebaki na ekari moja na mwenye watoto shuleni hataacha mistari miwili ya mwisho kwa kuambiwa tu. Anahitaji kupimiwa udongo ajue kama shamba lake linahitaji DAP kila mwaka, na miche ya matete au miti itakayomlipa kitu katika ukanda huo. Nyamira, Kisii, Migori na Homa Bay zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la ziwa. Kuja unaanzia kwa mmoja wao na kuishia kwa mwingine, kwa hiyo mezani pale ndipo gharama ya kupima udongo na kupanda ukingo wa mto inaweza kugawanywa kati ya wanaolima juu na wanaovua chini.